Mwaka Nilioshindwa Kupiga Makofi

Tulimzika Kalonda upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto, chini ya ile mvua nyembamba isiyojua kukatika, na baada ya maziko wanawake waliniingiza kwenye chumba cha mbele, ambako viti vyote vilikuwa vimetolewa na mikeka kutandikwa. Uzee una heshima yake: walinipa sehemu ya ukuta ya kuegemea. Wakaniletea wali na samaki mkavu aliyeungwa kwa mawese, nikala kidogo, nikakaa kusikiliza. Nyuma ya pazia wanaume walikuwa wakibishana juu ya kilichomuua. Mmoja alisema kifua. Mwingine akasema ini, ju ya pombe. Wa tatu, mwenye sauti ya kukwaruza, alisema, "Mwalimu Kalonda alianza kufa zamani. Siye tulikuwa tunamuangalia tu." Kikombe kiligusa sinia, mtu akakohoa, wakahamia habari za bei ya jeneza.

Sifa, binti yake, alikuja kukaa karibu nami na chai. Ana macho ya baba yake, mazito, yanayotazama chini kabla ya kusema. "Mama Feza," aliniambia, "baba alikuwa na kitu tangu siye watoto. Watu wengi wakipiga kelele, hata kwa harusi, anatoka, anaenda kusimama nyuma ya nyumba. Hakutuambia. Alisema tu kama wewe na yeye mulikuwa pamoja ile siku. Sasa wewe ulipona namna gani? Ulijua namna gani kama inafaa utafute muntu wa kukusaidia?" Nilimjibu kwa kifupi, maana matanga si mahali pa hadithi ndefu, na neno "kupona" lenyewe sikulipenda. Lakini swali lake lilivuka mto pamoja nami. Siku hizi Kindu ina vijana waliovaa vizibao vya mashirika, wanaitwa wanasaikolojia, na mtu anaweza kwenda kituo cha afya akasema moyo wake haukai, akaonyeshwa mlango. Mwaka ninaousimulia hapakuwa na mlango. Hata neno hatukuwa nalo. Kulikuwa na malaria, kulikuwa na wazimu, na katikati ya hayo mawili mtu alijitafutia mwenyewe pa kusimama.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa klasi ya sita, nikipanga chumba kwa Mama Mwayuma, mjane Mwislamu aliyekaanga mikate ya mchele na kuiuza barazani kwake. Chumba changu kilikuwa cha matofali mabichi, na ukutani alikuwa amebandika kurasa za gazeti la chama tawala ili vumbi lisianguke kitandani, kwa hiyo nililala nikitazamwa na Kiongozi wa nchi akiwa na kofia yake ya chui, mara sita au saba, akikata utepe, akipungia watu. Dirisha langu la mbao lilitazama jiko la nje. Asubuhi niliamshwa na sauti ya kinu, halafu harufu ya mafuta yanayoanza kupata moto. Miaka michache kabla, chama kilikuwa kimetuvua majina ya ubatizo. Bernadette akabaki kanisani kwenye kitabu, nami nikawa Sitwayeni Feza, yaani raia Feza, maana ndivyo tulivyoamriwa kuitana. Sikulilia jina. Nililipenda Feza. Ninasema hivi ili mtu asidhani nilikuwa na ugomvi na serikali. Sikuwa na ugomvi na mtu.

Muhula wa kwanza haujafika katikati, tukaambiwa kwamba mkubwa kutoka mji mkuu atautembelea mkoa, na kwamba shule zote zitampokea kwa nyimbo na ngoma, ile tuliyoiita animasio. Kila Jumamosi, baada ya kufyeka majani barabarani, tungewapeleka watoto kwenye uwanja mkubwa wa mji kufanya mazoezi. Kalonda alifundisha klasi ya tano, ukuta mmoja na wangu. Tulikuwa tumesoma pamoja utotoni, yeye akikaa dawati la nyuma yangu. Tulipoambiwa ni uwanja gani, aliniangalia, nami nikamwangalia, kisha kila mmoja akaandika kwenye daftari lake kama wengine. Sisi wawili tulikuwa watoto wa miaka kumi wakati wa uasi, waasi walipouteka mji, na tuliupitia uwanja huo siku moja ambayo hatukuwahi kuitaja, yeye kwangu wala mimi kwake, ingawa tuliazimana chaki kila siku ya Mungu.

Jumamosi ya kwanza nilisimama mbele ya klasi yangu, jua likiwa kali, watoto wamepangwa kwa mistari, mashati yamechomekwa. Ngoma ilianza nikaivumilia. Nyimbo zilianza nikaziimba. Halafu kijana wa chama aliyekuwa juu ya meza akainua mikono, na viganja vyote vya uwanja vikapigwa pamoja: pa, pa, pa, polepole, kama mtu mmoja mkubwa anayetembea kuja kwako. Pumzi yangu ilikatika. Nakumbuka kwamba vidole viliniuma ncha zake, kama nimeshika barafu, na kwamba mgongo wa mtoto aliyekuwa mbele yangu ulianza kwenda mbali ingawa hakuwa amesogea. Sikumbuki jinsi nilivyotoka. Kalonda alinikuta nimechuchumaa nyuma ya ukuta wa vyoo, kitenge changu kimelowa, na sikuwa nimejua kama kimelowa.

"Feza, ulisikia nini?" aliniuliza.

"Sikusikia kitu."

"Miye pia sikusikia kitu." Alikaa chini kando yangu, akatoa mfukoni chupa ndogo ya lotoko, ile pombe kali ya mahindi. Akafungua kizibo, akanisogezea. "Kunywa. Hii njo dawa. Jumamosi ingine kunywa mbele ya kuja."

Nilikunywa, na ni kweli ilisaidia Jumamosi mbili. Baadaye ilinitapisha, nami nikaiacha. Si kwa sababu nilikuwa na akili kumzidi, ni tumbo langu tu lililokataa. Nimelifikiria sana hilo. Lau tumbo lake lingekataa nalo.

Kuanzia hapo nilisingizia malaria kila Jumamosi, lakini mambo yalitoka uwanjani yakanifuata nyumbani. Mvua ikianza kupiga bati, matone makubwa ya kwanza yale, nilikuwa nimeshasimama. Wali ukawa hauna ladha. Nilitafuna kama mtu anayetafuna karatasi, nikaacha sahani ya Mama Mwayuma nusu, jambo ambalo nyumbani mwake lilikuwa kama tusi. Usingizi ulikuja kwa vipande. Siku moja alasiri nililala kitandani nikiwa nimechoka, dirisha limeegeshwa tu, nikamsikia akizungumza na jirani yake jikoni.

"Mutoto wa watu anakauka hivi," alisema Mama Mwayuma. "Mifupa inaonekana."

"Haiko na mimba?"

"Mimba inaletaka mate na usingizi. Huyu halali. Ninamusikia anatembea mule ndani."

"Basi iko mutu amemutupia kitu. Mwalimu, kijana, mushahara ya serikali. Watu wana wivu."

"Ao ni kichwa," Mama Mwayuma akasema, kwa sauti ya chini zaidi.

"Usiseme hivyo, Mama. Ikiwa kichwa, watamufukuza kazi."

Nikasikia ungo ukipigwa kwa kiganja. Nilibaki nimelala nikitazama kofia ya chui. Lile neno "kichwa" lilinitia hofu kuliko kurogwa. Aliyerogwa ana adui, na adui anaweza kushindwa. Aliyeharibika kichwa tulimwona sokoni, amefungwa kamba ya mgomba kiunoni, watoto wakimrushia maganda.

Sitawacheka waliojaribu kunitibu. Kwenye zahanati walinichoma kwinini mpaka masikio yakalia kama nzige, maana mtu aliyekonda na kutetemeka Kindu alikuwa na malaria mpaka itakapothibitika vinginevyo. Mama Mwayuma alimwendea mwalimu wa madrasa, akaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya kwenye sahani nyeupe, nami Mkristo nikayanywa yote mbele yake kwa sababu alikuwa amefunga safari kwa miguu juani. Wanawake wa sala waliniwekea mikono kichwani, na mmoja wao, aliyenuka sabuni na moshi, alilia kwa ajili yangu machozi halisi yaliyoniangukia shingoni. Kila mmoja alinipa kitu. Kombe lilinipa usiku mmoja wa usingizi, sala ilinipa wiki. Lakini wote waliniuliza ninaumwa wapi. Hakuna aliyeniuliza kilitokea nini, nami nisingemwambia. Kulikuwa na sababu ya kunyamaza. Katika miaka ile, mwalimu anayesema kwamba makofi ya kumshangilia Kiongozi yanamtia ugonjwa hakusema jambo la kidaktari. Masikio ya chama yalikuwa kila mahali, hata kwenye foleni ya zahanati.

Niliporudi darasani baada ya Noeli nilipiga marufuku makofi. Tulikuwa na desturi kwamba mtoto akijibu vizuri wenzake wanampigia: makofi matatu, "bravo". Nikawaambia sasa basi, klasi ya sita ni watu wakubwa, wakubwa hawapigi kelele. Walitii. Ninalikumbuka vizuri darasa hilo la kimya, mtoto akijibu hesabu ngumu ubaoni, akigeuka na uso unaong'aa, halafu uso ukizimika kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuupokea. Mchana mmoja nilikuwa nje chini ya dirisha nikitafuta kivuli, wasichana wawili wa zamu wakifagia ndani.

"Klasi yetu siku hizi ni kama matanga," alisema mmoja.

"Nyamaza, Mwalimu atasikia."

"Hapana sikia. Mwalimu haiko mule. Ni nguo yake tu njo inakujaka."

Aliyesema hivyo alikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliyasema bila ubaya, akigonga ufagio kwenye kizingiti kutoa vumbi. Nilirudi nyumbani nikitazama nguo yangu. Nikaona kwamba ugonjwa wangu, niliodhani nimeuficha kama mtu anavyoficha kidonda chini ya kitenge, ulikuwa umeanza kutoa amri kwa watoto arobaini.

Wiki ile ile tuliwapeleka wanafunzi wa klasi za sita kwenye shule ya sekondari kupimwa akili, ili wajulikane nani apelekwe ualimu, nani ufundi. Aliyewapima alikuwa mwanamke kijana kutoka Kisangani, Sitwayeni Bolumbu, aliyesomea saikolojia chuo kikuu. Watu wa Kindu walimwita "mama ya mafumbo" kwa sababu alikuwa na vipande vya mbao vya rangi ambavyo watoto walitakiwa kuvipanga. Alivaa miwani, alikuwa na mwanya, na Kiswahili chake kilichanganyika na Lingala. Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani ya chaki, na viti vyote vilikuwa vya watoto. Tulikuwa tumesimama mlangoni tukihesabu wanafunzi wakati chumba cha jirani kilipolipuka kwa makofi, nadhani mtu alikuwa akisimulia goli alilofunga, wavulana ndivyo walivyo. Nilishika fremu ya mlango. Nilidhani nimeishika kwa utulivu. Bolumbu aliwaambia watoto watangulie, akasubiri wamalize kupita, kisha akaniuliza, wala si kwa huruma, bali kama anayeuliza njia:

"Mwalimu, tangu lini?"

Wote waliokuwa wameniuliza walianza na "una nini". Sikuwa na jibu la "una nini". Lakini la "tangu lini" nilikuwa nalo, lilikuwa pale mdomoni, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilisema nina malaria, nikaondoka nikiwakimbilia watoto.

Ningeishia hapo, kama Kalonda alivyoishia, kama si safari ya mtumbwi. Kulikuwa na msiba Alunguli, mama wa mwalimu mwenzetu, na mimi nilivuka peke yangu asubuhi baada ya wengine. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, mazito, yakipita na vigogo. Katikati ya mto kelele za mji huisha. Husikii soko, husikii shule, unasikia tu kafi. Nami nilijikuta nikiwaza jinsi kule chini kulivyo kimya zaidi. Sikuwaza kufa. Niliwaza kimya. Niliwaza kwa utamu, kama mtu mwenye kiu anavyowaza mtungi, na nikagundua kwamba mkono wangu ulikuwa umeshaingia majini mpaka kiwiko na mwili umeufuata. "Mama, kaa katikati," mpiga kafi alisema kwa ukali. "Unatupindua." Nilikaa katikati. Moyo ulianza kunipiga kwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa tofauti na ile ya uwanjani: hii ilikuwa yangu, ilikuwa ya mtu anayetaka kuishi. Sifa, hilo ndilo jibu la swali lako, kama utalisoma hili. Nilijua siku niliposikia kwamba sipo ndani ya nguo yangu, na siku maji yaliponivuta kwa upole. Lakini wewe usisubiri mto.

Sikuhani vizuri siku hiyo. Nilirudi na mtumbwi wa kwanza, nikashuka nikaenda moja kwa moja sekondari na sketi yenye tope. Bolumbu alikuwa akila karanga na ndizi juu ya meza ya mafumbo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Nimekuja ju ya mwanafunzi wangu mmoja."

Alisukuma karanga pembeni, akafunga mlango. "Kaa." Kiti kilikuwa cha mtoto, magoti yangu yalipanda karibu na kifua. Naye akavuta kingine kama hicho akakaa, magoti juu vilevile, na sisi wawili tulionekana kama panzi. "Huyo mwanafunzi, ana miaka ngapi?"

"Kumi."

"Na leo ana miaka ngapi?"

Nilitazama sakafu. Kulikuwa na vumbi jeupe la chaki kwenye nyufa, la miaka mingi. "Ishirini na miwili," nikasema.

"Malamu," akasema, yaani vizuri. "Tutamusikiliza huyo wa kumi. Lakini mbele, nikuambie mimi ni nani. Miye si daktari. Nilifundishwa kupima watoto na kusikiliza watu, zaidi ya pale sina. Utakuja kila Alhamisi baada ya klasi. Maneno yako hayatatoka humu, hata ku chama, hata ku direkta ya shule yako. Isipokuwa moja. Ukiniambia unataka kujiua, hiyo sitaificha, nitakushika mukono tuende wote kwa daktari. Unakubali?"

Hapo nilimwambia habari ya mto. Hakushtuka. Alisimama, akachukua mkoba wake, akasema, "Basi tunaanzia kule." Tulikwenda hospitali kwa miguu, amenishika mkono kweli, kama wanawake wawili marafiki wanaotoka sokoni, na daktari alinipima damu, akanipa vidonge vya kulala vichache na kuniambia nirudi. Vidonge hivyo Bolumbu alivitunza kwake, akinipa kwa siku chache chache. Nilikasirika kidogo. Sasa ninaelewa.

Alhamisi za kwanza sikusema kitu cha maana. Nilizungumzia wali, chumba changu, direkta. Yeye alinipa vipande vya mbao nivishike wakati nikiongea, ili mikono iwe na kazi. Mara ya nne au ya tano nilimwambia. Wakati wa uasi, mwalimu wetu alichukuliwa na waasi kwa sababu alikuwa na miwani na alijua kuandika. Tulikuwa tumepelekwa uwanjani sisi watoto kutazama, tumewekwa mbele. Yeye alikuwa kwenye mstari wa watu waliofungwa mikono, si mbali, nilimwona soksi moja imeshuka. Alituona. Darasani, alipotaka tupumzike, alikuwa akisema "Vichwa chini", nasi tulilaza vipaji vya nyuso juu ya mikono yetu kwenye dawati. Siku ile alisema kwa sauti ile ile ya darasani, "Watoto, vichwa chini." Na sisi, tuliozoea kumtii, tuliinamisha. Kalonda alikuwa nyuma yangu, nilisikia pua yake. Kwa hiyo sikuona. Yote niliyo nayo ni ya masikio: watu wazima walioamriwa kupiga makofi, wakipiga, polepole, pamoja, kwa muda mrefu, na ndani ya makofi sauti nyingine.

Bolumbu hakusema pole. Nje mtu alikuwa akivuta toroli lenye gurudumu linalolia, likapita, likaisha. "Aliwafundisha mpaka mwisho," akasema. Nikalia kwa namna ambayo sikuijua, kwa tumbo, mpaka kipande cha mbao kikaniacha alama kiganjani.

Mtu asidhani nilitoka pale nimepona. Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za kwanza. Nilitapika chakula, nilimwona mwalimu wangu kwenye kila mwanaume mwenye miwani, nikamlaani Bolumbu kwa kufungua kilichokuwa kimefungwa. Yeye alikuwa amenionya, na alisema niendelee kuja hata nikiwa na hasira, nije na hasira yenyewe. Nilikwenda. Ilikuwa kama kutoa funza mguuni: inauma zaidi sindano inapoingia. Halafu Alhamisi moja nilikula wali na kusikia chumvi.

Nilimwambia Kalonda. Nilimwambia bila kuzunguka, tukiwa tumekaa juu ya ukuta wa shule wakati wa mapumziko. Alinisikiliza, akakubali, tena Alhamisi alikuja nami mpaka kizingitini, amevaa abakosti yake nzuri, ile suti isiyo na tai, kama anakwenda ofisi ya mkuu wa mkoa. Bolumbu alifungua, akasema, "Karibu, sitwayen." Kalonda alitazama vile viti vidogo. "Samahani, Mama," akasema, "nimesahau kitu ku klasi." Nilimfuata mpaka langoni. Aliniambia, "Feza, ile siku mimi sikuinamisha kichwa." Akaniangalia ili aone kama nimeelewa. Nilielewa. "Ukisikia tu, unaweza kusema. Miye niliona. Nitasema na maneno gani?" Nilimsihi sana, siku hiyo na miaka iliyofuata, na kila mara alicheka na kunigusa bega. Bolumbu aliwahi kuniambia kwamba unaweza kumwonyesha mtu mlango, lakini huwezi kumbeba mgongoni ukampitisha. Nilichukia maneno hayo. Bado siyapendi.

Mkubwa wa kutoka mji mkuu alikuwa aje kabla ya likizo kubwa. Direkta aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniuliza kwa nini nimekosa mazoezi, akisema chama kimeona na kwamba yeye hawezi kunikinga zaidi. Tulikuwa tumelitarajia hili na Bolumbu, tulikuwa tumelifanyia mazoezi kama watoto wanavyokariri: niseme kidogo, niseme kweli, ninyamaze. Nikasema, "Direkta, wakati wa uasi nilikuwa mu ule uwanja. Nilikuwa mutoto. Makofi yale siwezi. Kazi ingine yote nitafanya." Kisha nikafunga mdomo, nikihesabu pumzi. Alikuwa mtu mnene aliyejipepea kwa jalada la faili. Aliacha kujipepea. Akiwa ametazama dirisha, akasema bila kunigeukia, "Siku ile shule haiwezi kubaki bila mulinzi. Utabaki kulinda shule." Siku ya ziara nilikaa peke yangu kwenye madarasa matupu. Upepo uliyaleta makofi hadi kwangu, vipande vipande. Nilishika dawati, nikawa najiambia jina la mwezi, jina la mji, umri wangu. Yalikwisha nikiwa bado nimekaa.

Kiangazi kilipoingia, watoto wamekwenda likizo, nilikuwa jikoni na Mama Mwayuma tukichambua mchele, ungo mmoja kati yetu. Nilijua kwamba Bolumbu amehamishwa, kwamba angepanda mashua ya kushuka mto kwenda Ubundu wiki ile. Labda ndiyo sababu nilizungumza. Nilimweleza Mama yote: mwalimu, vichwa chini, masikio yangu, viti vidogo. Vidole vyake havikusimama. Alikuwa akitoa mawe, akiyatupa nyuma ya bega. Nilipomaliza aliendelea kuchambua mahali ambapo hapakuwa na jiwe tena.

"Bwana yangu," alisema baadaye, "watu wote wanajua alikufa na homa, ile miaka ya uasi. Miye njo niliwaambia. Kila mutu akiniuliza, nasema homa. Mpaka mara ingine naanza kukumbuka alikuwa anatetemeka, ninamufunika blanketi." Alipuliza makapi. "Hakukuwa homa, mutoto yangu. Hakukuwa blanketi."

Kila neno la kufariji nililofundishwa maishani lilinijia mdomoni, nami nikaliacha lirudi. Nilikaa. Kuku alikuja akadonoa karibu na ungo na hakuna aliyemfukuza. Mafuta kwenye karai yalikuwa yameanza kutoa moshi. Alinyoosha mkono akayaepua bila kutazama.

"Yule mwanamuke wako wa masomo," akasema, "anapokeaka na wazee?"

"Anapokea, Mama."

"Hata muntu asiyejua kusoma?"

"Hata yeye."

Alifunika mchele kwa kitambaa, akajifuta mikono kwenye kitenge, akatazama mikate yake ambayo haijakaangwa, ambayo watu wangekuja kuinunua wasiikute. "Basi kesho utanionyesha njia," akasema.

"Hapana kesho," nikamwambia, nikiwa nimeshasimama. "Twende leo."